Poda Begani mwa Mheshimiwa

Kazini walimwita Mama Poda, na jina hilo lilimganda kiasi kwamba mhasibu wa pale alilazimika kuuliza jina lake jingine kila mwaka. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia, baada ya choo na kabla ya mlango mzito wa studio. Kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kikubwa chenye balbu pembeni, nusu yake zimeungua, na meza iliyojaa brashi, vitana, sponji na makopo ya poda. Aliyetaka kuonekana kwenye televisheni alipita hapo kwanza. Walipita mawaziri, wahubiri, waimbaji, madaktari wa kueleza faida za kunywa maji, na yule dada wa utabiri wa hali ya hewa ambaye akisema mvua inakuja, wenzake ofisini wanatoka kuanika nguo.

Alikuwa amechoka. Tuliseme mapema lisitusumbue mbele. Haukuwa uchovu wa siku moja, ule unaolala nao ukiamka umekwisha. Ulianzia miguuni, maana kazi ile ni ya kusimama, ukapanda mgongoni, na sasa ulikuwa umefika masikioni. Alichoka kusikia. Mtu akikaa kwenye kiti kile, macho kafumba na taulo shingoni, anaongea mno, labda kwa sababu ya ule mkono laini usoni ambao wengine hawajaupata tangu walipotoka kwa mama zao. Alishasikia ndoa zikivunjika pale, alishasikia vyeo vikigawanywa kabla hata ya kutangazwa, na yote aliyaacha chumbani. Siku ya kwanza kazini mkuu wa studio alimwambia, "Mama, ya kwenye kiti yanabaki kwenye kiti. Yakitoka, na wewe unatoka nayo." Aliitikia, na tangu hapo hakuwahi kumwaga mtama mbele ya mtu. Mumewe ndiye aliyemficha kuliko wote.

Mumewe aliitwa Mzee Ghala, kwa kuwa alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipofungwa, miaka mingi nyuma. Ghala lilikwisha lakini funguo alizileta nyumbani, zikaning'inia kwenye msumari sebuleni, bado anazifuta vumbi. Kazi nyingine hakupata, baadaye hakuitafuta, na mwishowe akaajiriwa na televisheni. Aliketi mbele yake kuanzia habari za asubuhi. Aliongea nayo uso kwa uso, akaiuliza maswali, akaisubiri ijibu, na isipojibu alimgeukia mkewe.

Nchi nzima wakati huo ilikuwa imegawanyika kwa waheshimiwa wawili. Mmoja watu walimwita Kipara, mfupi, mnene, kichwa kitupu. Mwingine walimwita Miwani, mrefu, wa sauti ya taratibu. Ukiniuliza walitofautiana kwenye nini hasa, nitakuomba tubadilishe mazungumzo. Mzee Ghala alikuwa mtu wa Kipara mwili na roho, na sababu kubwa ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na unywele.

"Angalia kichwa kile," alikuwa akisema, akinyoosha rimoti. "Taa zote zile zinamwakia na hatoki hata tone la jasho! Mtu mkweli hatoki jasho, mama watoto. Tena hajipaki makorokoro kama wale wengine. Mwanamume kamili."

Mama Poda, ambaye saa chache kabla alikuwa amekipaka kichwa hicho poda kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni, akapuliza kidogo nyuma ya masikio isiache mstari, aliendelea kuchambua mboga. Alisema "Mm." Katika ndoa yake neno hilo lilifanya kazi nyingi kuliko yeye.

Mtu wa Miwani alikuwa mdogo wake Mama Poda, Antena. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya urefu, na kwa sababu tangu akiwa mvulana ndiye aliyepandishwa juu ya mapaa ya watu kuelekeza waya mpaka picha itulie. Akaja kuajiriwa kupanda minara ya simu. Mama yao alifariki Antena akiwa bado na meno ya utotoni, na dada alipoolewa alikwenda kwa mumewe na sanduku moja na mdogo mmoja. Antena akakulia katika nyumba ile ile, akasomea kwenye meza ile ile ya kulia chakula, na hata alipopata chumba chake alikuwa akija kila Jumapili. Yeye na Mzee Ghala waliipandisha televisheni ile ngazini wakiwa wameibeba wote wawili, wakigombana nani anakwenda kinyumenyume, na walipoifikisha walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Poda alikuwa akiikumbuka siku hiyo kila alipoifuta vumbi.

Sasa sikiliza walivyokosana.

Ilikuwa Jumapili, mdahalo wa waheshimiwa wawili umerekodiwa jana yake na leo ndio unarushwa. Wanaume wawili kwenye kochi, Mama Poda anatoka jikoni na sinia la chai. Kwenye kioo cha televisheni Miwani alikuwa anavuja jasho. Lilimtoka puani, likafanya miwani imteleze, akairudisha kwa kidole, ikateleza tena. Kipara pembeni yake mkavu kabisa.

"Umeona?" Mzee Ghala aliruka. "Jasho la uongo hilo! Mwongo hata akijikaza, mwili unamtoa nje."

"Shemeji, jasho ni la mtu anayefanya kazi," Antena alijibu akicheka. "Wako hatoki jasho kwa kuwa hajawahi kufanya kazi. Kazi yake kukaa."

Hakumlenga mtu. Lakini neno "kukaa" lilimkuta Mzee Ghala amekaa, pale alipokuwa amekaa tangu kiwanda kifungwe, na likamchoma mahali ambapo hapakuwahi kupona.

"Wewe wa kunifundisha kazi?" alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo baya kuliko kupiga kelele. "Wewe? Umekula kwangu tangu hujaota meno ya ukubwani. Bila sahani yangu ungekufa njaa, na usingekuwa na mdomo wa kunijibu."

Antena aliweka kikombe mezani polepole, akahakikisha kimekaa katikati ya kisahani. Alisema, "Asante kwa chakula, Shemeji." Alichukua viatu mlangoni, akavivalia nje kwenye ngazi. Kabla sinia halijafika mezani, simu ya Mama Poda ililia mfukoni mwa aproni: mdogo wake ameondoka kwenye kundi la familia.

Alisimama na sinia lake. Alikuwa akijua jambo ambalo wale wawili hawakulijua. Jana yake Miwani alikwama kwenye foleni ya magari, akafika kipindi kinaanza, akapita mbio mbele ya chumba cha poda akisema "Samahani, Mama Poda, leo hatuwahi," na akaketi chini ya taa uso mtupu. Ndilo jasho lililokuwa pale. Lilikuwa joto la taa. Angeweza kusema. Ya kwenye kiti yanabaki kwenye kiti, na kwa kuwa Miwani siku hiyo hakukaa hata kwenye kiti, Mama Poda alijilaumu baadaye kwamba angeweza kusema bila kuvunja ahadi ya mtu yeyote. Wakati huo alirudisha tu chai jikoni.

Miezi ikapita. Televisheni nayo ikawa na kisa chake. Kabla ya ugomvi wajukuu walikuja likizo, na Antena akafunga stesheni zote za king'amuzi kwa namba ya siri wasiangalie visivyowahusu. Aliacha wazi stesheni moja tu, ile ya habari anakofanya kazi dada yake, kwa hesabu kwamba hakuna mtoto atakayeangalia habari kwa hiari yake. Wajukuu wakaondoka, Antena akaondoka, na namba ikaondoka naye. Mzee Ghala alijaribu mwaka wake wa kuzaliwa, akajaribu wa mkewe, wa Antena, mwaka wa kufungwa kiwanda. Wapi! Mama Poda akasema basi nimpigie mwenyewe nimuulize.

"Usithubutu," mzee alisema. "Nitaangalia hii hii. Kwani ina ubaya gani?"

Akaamua kufa na tai shingoni. Aliangalia stesheni moja kutwa, matangazo yale yale ya sabuni na mikopo ya simu, Kipara na Miwani, Miwani na Kipara, mpaka akawa anajua kikohozi cha kila mtangazaji. Na Mama Poda alikuwa akitoka kuwapaka poda watu wale, anarudi nyumbani anawakuta wamemtangulia sebuleni, wanapiga kelele kwenye nyumba yake mwenyewe. Hakuwa na mahali pa kuwakimbia.

Kundi la familia kwenye simu liliendelea bila Antena. Binti yao aliyeolewa mbali alituma picha za watoto, mzee akatuma video za Kipara akihutubia, mtu akatuma maua na maneno ya asubuhi njema yaliyokwisha kuzunguka dunia mara mbili. Mama Poda alikuwa akiyafungua kazini, kwenye kiti chake mwenyewe, akisubiri mgeni. Aliona ajabu jinsi watu walivyozidi kupata vyombo vya kuongelea na walivyozidi kukosa la kuambiana. Mdogo wake mwenyewe alikuwa akipanda juu angani kila siku ili watu wasikilizane, na hakuwa akisikilizana na mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Lingekuwa jambo la kuchekesha lingewatokea majirani.

Na chumbani mwake, ya kwenye kiti yaliendelea. Kipara na Miwani walikuwa wakija pamoja siku za midahalo, mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye kigoda pembeni. Walikula karanga kwenye karatasi moja. Miwani alikuwa msahaulifu, kila mara anatumia chaja ya simu ya Kipara. "Mtoto alifaulu?" anauliza mmoja. "Alifaulu, bwana, nimepumua," anajibu mwingine. Kisha wanaitwa, wanasimama, wanakung'uta maganda ya karanga kwenye suti, na dakika chache baadaye Mama Poda anawasikia kupitia ukutani wakiitana wezi. Hakuwachukia. Alichoka nao tu, namna mtu anavyochoka na mvua inayonyesha kwenye nguo zake kila siku.

Kisha ikaja habari ya Antena kuhamishwa. Kampuni ilikuwa inampeleka upande wa pili wa nchi, safari ya basi ya kutwa na kesho yake, na angeondoka Jumamosi. Alimpigia dada yake mchana akiwa kazini.

"Pita nyumbani basi, mdogo wangu," Mama Poda alimwambia. "Usiondoke hivi. Ukiondoka hivi ndiyo basi tena, nawajua nyie wote wawili."

"Dada, mimi sina ugomvi wa siasa. Wake akishinda nitakunywa chai yangu kama kawaida. Lakini alinihesabia chakula. Nikikaa pale sasa, kila tonge nitakalotia mdomoni nitaliona linaangaliwa."

Jioni akamgeukia mume.

"Mimi ndiye mkubwa," Mzee Ghala alisema bila kutoa macho kwenye kioo. "Aje aombe radhi, yataisha. Mlango haujafungwa."

Siku zilizofuata Mama Poda alitembea na Jumamosi hiyo kichwani. Alikuwa amempoteza mama mapema, na yule kijana mrefu ndiye aliyekuwa amebaki wa tumbo moja. Aliogopa. Aliogopa kwa namna ambayo hata uchovu haukuweza kuifunika, akalala nayo akaamka nayo.

Alhamisi asubuhi studio ilijaa watu kuliko kawaida. Mkuu wa studio alikuwa anakimbia ujiani na simu mbili. Waheshimiwa wameamua kuungana! Watatangaza moja kwa moja, bila kurekodi, na nchi nzima inaangalia. Kipara ndiye aliyeingia wa kwanza, akajitupa kwenye kiti akiwa na furaha.

"Leo unipake vizuri, Mama Poda. Leo tunaandika historia."

"Sawa, Mheshimiwa."

Ieleweke kwamba kila mtu aliyekuja mara kwa mara alikuwa na kopo lake la poda, kwa rangi ya ngozi yake. Kipara alikuwa mweusi wa kukoza, Miwani maji ya kunde. Makopo yalikuwa ya aina moja, na Mama Poda aliyatofautisha kwa kipande cha plasta kwenye vifuniko. Wiki ile joto lilikuwa kali, gundi ikalainika, plasta zikabanduka. Kwa kawaida angefungua na kutazama. Lakini siku hiyo alikuwa anawaza mlango wa nyumbani kwake, nani ataufungua na nani atabisha, na balbu zilizobaki kwenye kioo zilikuwa za njano, na chini ya mwanga wa njano kila mtu anapendeza. Alimpaka Kipara poda ya Miwani, kichwa kizima, kwa mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka na miaka. Akapuliza na nyuma ya masikio.

Aliliona kosa akiwa ujiani, kwenye televisheni ndogo iliyotundikwa ukutani. Taa kubwa za studio ni nyeupe na hazina huruma. Chini yake kichwa cha Mheshimiwa kilikuwa kama kimemwagiwa unga. Mama Poda alishika mdomo. Mlango ulikuwa umeshafungwa na taa nyekundu inawaka juu yake.

Waheshimiwa wakasema maneno yao ya udugu. Kisha wakasimama, wakafungua mikono, wakakumbatiana. Miwani mrefu, Kipara mfupi, kwa hiyo kichwa kililala barabara begani mwa koti jeusi, na kikalala sana, maana wapiga picha walikuwa wanaomba waendelee hivyo hivyo. Walipoachiana, begani mwa Miwani kulikuwa na doa jeupe la mviringo, pana kama kisahani, na kwenye paji la Kipara limebaki doa jeusi la ngozi yake mwenyewe. Linang'aa jasho.

Mtangazaji akaanza kukohoa kukwepa kucheka. Kabla hawajatoka studio picha zilikuwa zimeenea kwenye simu za watu, na kila mtu ameongeza utani wake. Mkuu wa studio alikuja akasimama mlangoni mwa chumba cha poda. Akafungua mdomo, simu yake ikalia, akaitazama, akaona ni watu wangapi wanaangalia stesheni yake saa ile.

"Nenda nyumbani, Mama Poda," alisema. "Sijajua bado kama nimekasirika."

Alifika nyumbani mchana, mkoba begani na viatu vinamuuma. Mzee Ghala alikuwa pale pale. Televisheni ilikuwa inarudia kumbatio lile, kwa taratibu, mara ya kumi au ya ishirini. Hakuwa anaongea nayo.

"Mama watoto," alisema. "Ile ni poda?"

"Ni poda."

"Huwa anajipaka poda."

"Huwa anapakwa."

"Na nani?"

Mama Poda alivua kiatu kimoja, akamtazama. "Baba, kazini kwetu mimi naitwa Mama nani?"

Mzee Ghala aliangalia kioo, akaangalia mkewe. Ukichunguza sana utaona kwamba hakuwahi kuuliza kazi ile inafanywaje. Alijua mkewe yuko televisheni, kama alivyojua maji yapo bombani.

"Siku zote?"

"Siku zote. Tangu siku ya kwanza mpaka ya leo."

"Na yule mwingine, siku ile ya Jumapili? Lile jasho?"

"Alichelewa. Alikwama kwenye foleni, sikuwahi kumpaka."

"Kwa hiyo lilikuwa joto."

"Lilikuwa joto, baba. Wote wanatoka jasho. Na wakiwa kwangu wanakula karanga pamoja na kuchajia simu kwenye waya mmoja." Ya kwenye kiti yalikuwa yanatoka, na wala hakushtuka. Alikuwa amechoka hata kuogopa kufukuzwa.

Mzee Ghala alitikisa kichwa. "Wametupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wametugombanisha sisi, na wao..."

"Waache," Mama Poda alimkata, na hakuwa mtu wa kumkata mumewe. "Wale walipakwa poda tu. Maneno ya chakula hayakutoka kwenye televisheni. Yalitoka hapo, kwenye hilo kochi, kwa mdomo wako. Na keshokutwa yule anaondoka nayo."

Akaenda jikoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Vikombe vya asubuhi vilikuwa mezani kama alivyoviacha. Alifungua bomba na kusimama tu akitazama maji.

Kisha akasikia simu ikiita sebuleni, kwa sauti kubwa, maana Mzee Ghala aliwahi kubonyeza kitu kikaitwa spika na hakujua jinsi ya kukizima. Kila alichoongea na mtu kilisikika mpaka ngazini.

"Shikamoo, Shemeji," ilisema sauti ya Antena. Upepo ulikuwa unavuma nyuma yake.

"Marahaba. Ile namba ya televisheni."

"Sifuri, mara nne."

"Sifuri nne?"

"Ilikuja nayo kutoka dukani. Sikuibadilisha."

"Miezi yote hii! Nilisema nani mjinga wa kuacha sifuri nne." Akabonyeza rimoti. Stesheni zikafunguka zote, moja baada ya nyingine, na hakuiangalia hata moja. "Umewaona waheshimiwa?"

"Nimewaona. Nilikuwa juu ya mnara, wenzangu wakaniita nishuke nione." Akacheka kidogo, akaacha.

"Si unaona, wameyamaliza. Sasa na sisi..."

"Shemeji, wale hawakuhesabiana chakula."

Mama Poda alifunga bomba. Alimsikia mumewe akikohoa, kochi likilia, hatua zikienda mpaka kwenye msumari wa funguo na kurudi.

"Sikiliza," Mzee Ghala alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kizito kinyumenyume. "Siku ile nilisema umekula kwangu. Nimekaa hapa nafikiri, kwangu wapi? Ghala lilifungwa wewe uko darasani. Tangu siku hiyo sijaleta hata mkate ndani ya nyumba hii. Wewe ulikuwa unakula, na mimi nilikuwa nakula, wote tunakula kwa dada yako. Kwa hiyo nilikuhesabia ambacho hakikuwa changu. Nisamehe, Shemeji. Ndiyo hilo."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Basi, Shemeji," Antena alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Basi. Yamekwisha."

Jikoni, Mama Poda aliketi kwenye kigoda. Kilichomjia kwanza kilikuwa hasira. Miaka yote ile, vikombe vyote vile, miguu yote ile ya kusimama, na neno lenyewe linaambiwa mtu mwingine, tena kwa simu. Aliketi na hasira yake. Baadaye machozi yakamtoka bila kumuomba ruhusa, akayaacha yatoke, hakuwa na nguvu ya kutafuta kitambaa.

"Mama watoto!" Mzee Ghala aliita. "Shemeji anasema kesho atapita! Anauliza tutakula nini."

Alisimama mlangoni mwa jikoni ili wote wawili wamsikie vizuri.

"Mwambie mpike nyinyi," alisema. "Mimi nimechoka."

Mzee Ghala akamtazama mkewe, uso umelowa, mkononi bado kashika kiatu. Safari hii hakuuliza amechoka na nini.

"Umemsikia?" aliiambia simu.

"Nimemsikia. Wewe unajua kupika, Shemeji?"

"Sijui."

"Hata chai?"

"Hata chai."

"Basi nitakuja mapema," Antena alisema. "Mwache dada alale."